Peugeot 504, Volvo 240 au Mercedes 123: uchague wagoni gani ya zamani?

Wapenzi wa magari ya zamani hukwama mahali pamoja. Umeshaamua unataka stesheni wagoni, gari ambalo paa lake linanyooka hadi mlango wa nyuma. Umeshakubali kwamba utalitengeneza mwenyewe, au angalau sehemu kubwa ya kazi. Mbele yako kuna majina matatu: Peugeot 504, Volvo 240 na Mercedes-Benz 123. Kila gari lina mashabiki wake, na shabiki ukimwomba ushauri atakuchagulia analolipenda yeye kabla hajakuuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Mimi huanza na swali moja: mikono yako inafurahia kazi gani? Kuna anayefurahi akishika spana na kusikia nati kubwa ikiachia. Mwingine anapenda kukaa na waya na kipimo cha umeme, afuate hitilafu hatua kwa hatua hadi aikamate. Wengine wana subira ya kuusoma mfumo mzima wiki nzima kabla ya kufungua boliti hata moja. Magari haya matatu hayatofautiani sana kwa uimara, maana yote yalijengwa yadumu. Yanatofautiana kwa aina ya kazi yanayokupa. Na kwenye gari la zamani, saa utakazotumia ukiwa umeinamia boneti zitakaribia zile utakazotumia nyuma ya usukani. Bora uzipende.

Tutapima nini

Nimechagua vigezo vitano: hali ya bodi na kutu, kazi za injini, sehemu ya nyuma yenyewe (ndiyo sababu ya kununua wagoni), kero ambazo kila gari linajulikana nazo, na upatikanaji wa spea. Mwishoni nitagusa jinsi kila moja linavyokwenda barabarani, kisha tutaona nani anafaa lipi.

Kwanza nasaba zao, kwa ufupi. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968 ikiwa saluni, na mwaka 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Wagoni zake, Break na Familiale, zilifuata mwaka 1971. Volvo 240 ilianza mwaka 1974 na kuendelea hadi 1993. Wagoni yake iliitwa 245, tarakimu ya mwisho ikimaanisha milango mitano. Mercedes ilionyesha wagoni ya familia ya 123 mwaka 1977, ikaijenga kiwandani Bremen hadi mwanzoni mwa 1986. Hiyo ndiyo wagoni ya kwanza Mercedes kuitengeneza yenyewe kiwandani mwake. Zilizotangulia zilijengwa na makampuni ya nje ya bodi. Zote tatu zinasukuma kwa magurudumu ya nyuma na injini zake zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukifungua boneti unaona nafasi ya kuingiza mkono. Ukiwa umezoea magari ya leo, nafasi hiyo peke yake inatosha kukufurahisha.

Bodi na kutu

Hapa sitakwenda haraka, kwa sababu hapa ndipo pesa na moyo hupotea. Injini iliyochoka hufufuliwa. Bodi iliyoliwa hukusumbua miaka.

Wagoni ina matatizo ya kutu ambayo saluni haina. Vioo vya pembeni ni virefu na raba zake ni ndefu, mlango wa nyuma hupokea maji yote yanayoteremka kwenye paa, na chini ya sakafu ya mizigo kuna mashimo ya pembeni ambako maji hutuama bila mtu kujua. Inua zulia la nyuma kabla hujaangalia injini. Ingiza mkono kwenye mashimo hayo hadi chini kabisa. Ukitoka na unyevunyevu vidoleni au vumbi jekundu chini ya kucha, umepata jibu la kwanza.

Kisha chukua kipande cha karatasi, kiweke kwenye raba ya mlango wa nyuma, funga mlango, halafu kivute. Kikitoka bila kukaza, raba imekufa mahali hapo. Rudia kila shubiri moja kuzunguka mlango mzima. Unatafuta maji, lakini unatafuta na moshi pia: gari la umbo hili likiwa mwendoni, hewa ya nyuma yake huvutwa ndani, na ekzosi iko hapo hapo chini. Dereva anayelalamika kichwa kinamuuma kila safari huenda anahitaji raba ya mlango tu.

Kwa Peugeot 504, angalia vizingiti vya milango, sakafu ya mbele, matao ya magurudumu ya nyuma na mahali ekseli ya nyuma inapojishikiza kwenye bodi. Bati lake ni la kawaida na maumbo yake si magumu, kwa hiyo fundi wa bodi mwenye mkono mzuri anaweza kukata, kukunja bati jipya na kulehemu bila kuhitaji kipande cha kiwandani.

Kwa Volvo, tazama vizingiti, matao ya nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma na yale mashimo ya pembeni. Matoleo ya miaka ya mwisho yalitumia zaidi bati lililopakwa zinki, na tofauti inaonekana. Kati ya hizi tatu, 240 ya mwishoni ndiyo ninayoitegemea zaidi kwa bodi.

Mercedes inahitaji macho makali. Kromu na rangi nzito huficha mengi. Tazama mahali pa kuweka jeki, madigadi ya mbele kwa ndani, matao ya nyuma, chini ya betri, na pembe za paa la kufunguka kama lipo, kwa sababu mifereji yake ikiziba maji huishia ndani ya vizingiti. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha wapi pamejazwa puti. Usione aibu kuitembeza gari zima mbele ya mwenye gari. Muuzaji mkweli hatakwazika.

Injini na kazi za mkono

504 ni shule. Injini yake ya petroli ya cc 1971 ina kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ndani ya bloku, inaendeshwa na cheni, na valvu zinasukumwa kwa vijiti na roka, yaani mikono midogo inayobonyeza valvu. Slivu za silinda, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomolewa: zikilika, unazitoa na kuweka nyingine, bloku inabaki ile ile. Ndiyo maana injini hizi zimefanyiwa ovahaulu mara nyingi kiasi hicho bila kuisha.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye gari hili ni kurekebisha nafasi za valvu. Injini ikiwa baridi, unafungua kifuniko cha juu na roka zote zimejipanga mstari mmoja mbele yako, zinang'aa oili. Unaingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya roka na kichwa cha valvu, unalegeza nati ndogo, unazungusha skrubu kidogo, unakaza tena huku umeizuia skrubu isifuate. Geji inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinachopita kwenye ngozi. Mara ya kwanza utazikosea mbili au tatu. Ukishamaliza nane zote, ukawasha na kusikia ule mlio wa cherehani umetulia, utajua nusu saa ile imekwenda wapi.

Volvo ina injini ya chuma yenye kichwa cha alumini na kamshafti juu, ikiendeshwa na taimingi belti. Watu huogopa neno belti, na kwa magari mengi wana haki. Lakini kwenye injini za petroli za familia hii zenye valvu 8, belti ikikatika pistoni hazigongi valvu. Gari linazima, unaweka belti mpya, unaendelea. (Ile ya dizeli yenye silinda 6, iliyotoka Volkswagen, ni habari nyingine, hapo belti ikikatika umeharibu kichwa.) Kazi nyingi za 240 ni za ukubwa wa kati: pampu ya maji, belti, plagi, kusafisha njia ya kupumulia ya injini ambayo ikiziba oili huanza kutafuta pa kutokea. Ni kazi za asubuhi moja. Unaanza baada ya chai na mchana gari linatembea.

Mercedes 123 inajulikana zaidi kwa dizeli zake: ya silinda 4 yenye lita 2.4 kwenye 240 TD, na ya silinda 5 yenye lita 3 kwenye 300 TD. Zina cheni, pampu ya dizeli iliyojipanga mstari, na uvumilivu wa ajabu ukizipa oili safi kwa wakati. Valvu zake hubana kadiri zinavyotumika, kwa hiyo kuzipima ni lazima. Mwenye kupuuza huona gari likianza kugoma kuwaka asubuhi na kulaumu hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Ila fahamu kwamba ukishafika kwenye pampu ya dizeli au nozeli zinazonyunyiza dizeli, kazi inahama kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Hapo utakabidhi mtu mwingine, utake usitake.

Nyuma

Wagoni ya 504 haikuwa saluni iliyoongezwa paa. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulirefushwa kutoka mita 2.74 hadi 2.90, na ekseli ya nyuma ikawa moja nzima iliyobebwa na springi za koili nne, mbili kila upande. Familiale ilipewa safu tatu za viti, watu saba, wote wakitazama mbele. Kwa anayetaka kubeba familia nzima bila kumkalisha mtoto mgongo kwa mgongo na wenzake, hakuna kati ya hizi nyingine inayomfikia.

Volvo ina nyuma ya mraba kabisa. Mlango unasimama karibu wima, sakafu ni tambarare, na ukilaza kiti mtu wa kimo cha kawaida hulala amenyooka. Mercedes ina nyuma iliyoinama kidogo na nafasi ndogo zaidi kwa vitu vya mraba, lakini kiti chake cha nyuma hukunjwa kwa vipande viwili visivyo sawa, jambo lililokuwa geni wakati ule: unabeba ubao mrefu na abiria wawili kwa pamoja. Zaidi ya hapo, kila wagoni ya 123 ilitoka na mfumo wa kujisawazisha nyuma. Pakia mizigo, injini ikiwaka makalio ya gari hujiinua hadi mahali pake.

Volvo na Mercedes ziliuzwa pia, kwa aliyetaka, na kiti kidogo cha tatu kinachotazama nyuma kwa ajili ya watoto. Ni kitu cha kupendeza kukikuta kizima. Hata hivyo nitasema wazi: kiko karibu mno na bampa la nyuma, na mimi mtoto simpakii pale kwenye barabara yenye malori.

Kero zinazojulikana

504 ina kero chache na zote za chuma. Kubwa ni klachi. Propela shafti imefungwa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, kwa hiyo kushusha giaboksi ni kazi pana kuliko unavyotarajia; panga siku mbili na msaidizi. Rejeta nayo isichezewe. Gari likichemka mara kwa mara, gasketi ya kichwa na mipira ya chini ya slivu ndiyo hulipa. Pale ambapo gia iko kwenye usukani, viungo vyake huchakaa na gia huanza kutafutwa kwa kubahatisha, ila bushi mpya humaliza mambo.

Kero ya Volvo ni umeme. Magari yaliyotengenezwa takriban kati ya 1980 na 1987 yalifungwa waya za injini ambazo ganda lake huoza kwa joto. Unaushika waya, unaukunja kidogo, na ganda linabaki kiganjani kama ukoko mkavu. Waya zikiwa uchi zikagusana, gari hukupa dalili kumi zisizohusiana: leo linakata moto, kesho linakunywa mafuta, keshokutwa liko sawa. Dawa ni kubadilisha fungu zima, na mengi yameshabadilishwa. Uliza na utazame. Kwenye wagoni kuna la ziada: waya zinazoingia mlango wa nyuma hukatika kwenye bawaba kwa kufungua na kufunga miaka yote hiyo, na wiper, taa ya namba na hita ya kioo hufa moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kukaa kwenye buti na mkasi wa waya na subira, na kwa kweli ni ya kuridhisha sana. Feni ya hita, kinyume chake, haina raha yoyote: iko katikati ya dashibodi, na kuifikia ni kuvua karibu kila kitu kilichoizunguka.

Mercedes inatumia vakyumu, yaani nguvu ya hewa inayofyonzwa na pampu ya injini, kwa mambo ambayo wengine walitumia waya. Kufuli za milango zinafungwa nayo. Dizeli inazimwa nayo. Siku moja unazungusha ufunguo, unauchomoa, na injini inaendelea kunguruma kana kwamba hukufanya kitu. Mgeni huingiwa na hofu. Mzoefu hufungua boneti na kubonyeza mkono mdogo ulioandikwa STOP. Kisha kazi inaanza: kufuata vipaipu vyembamba, kimoja baada ya kingine, kuziba na kupima, hadi upate kile kilichopasuka, mara nyingi ndani ya mlango. Mfumo wa kujisawazisha nao una tufe mbili zenye naitrojeni. Zikifa, nyuma ya gari huwa ngumu na kurukaruka hata shokapu zikionekana nzima, maana kwa kweli zile si shokapu za kawaida. Wengine huung'oa mfumo wote na kuweka springi ngumu. Inafanya kazi, lakini umeondoa nusu ya sababu ya kununua wagoni hii.

Spea

Vitu vya kawaida kama breki, chujio, mipira, bushi na gasketi vinapatikana kwa zote tatu. 504 inasaidiwa na wingi wake: zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa, na sehemu nyingi za injini zilitumika pia kwenye Peugeot 505. Volvo ilitengenezwa karibu miaka 19 bila kubadilishwa sana, na idadi yake ilizidi milioni 2.6. Mercedes bado inauza spea nyingi za magari yake ya zamani kupitia idara yake maalumu, kwa ubora mzuri na bei inayolingana na jina.

Kigumu kwa zote ni vitu vya wagoni pekee: vioo vya pembeni vya nyuma, raba zake, taa za nyuma, pambo la ndani la buti, mlango wa nyuma wenyewe. Mercedes 123 za wagoni zilikuwa takriban laki mbili tu kati ya magari zaidi ya milioni 2.6 ya familia hiyo. Kwa 504 hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wagoni nyingi zilifanyishwa kazi hadi zikaisha. Gari lisilowaka lakini lenye vioo vyote na taa zote lina thamani kuliko linalowaka likiwa na nailoni dirishani.

Barabarani

504 inaelea. Kwenye barabara mbovu magurudumu yanapanda na kushuka mbali, na viti vinakupokea kama godoro. Volvo ni wima, unaona pembe zote nne, na inakata kona kwenye nafasi ambayo gari la urefu wake halipaswi kutosha. Dizeli ya Mercedes hasa ile ya 240 TD ni ya polepole, na kupita lori kunahitaji mpango. Lakini ikishafika mwendo wake inatulia, milango haitoi sauti, na unashuka baada ya saa tano bila kuchoka.

Nani achukue lipi

Kama hujawahi kufungua injini na unataka kujifunza, chukua 504 ya petroli. Kila kitu kinaonekana kwa macho, na kosa lako la kwanza halitakuwa ghali sana. Ndiyo inayomfaa pia mwenye familia kubwa na barabara mbaya, mradi awe tayari kwa kelele kwenye mwendo mkubwa na kazi ya klachi ikifika.

Kama gari litafanya kazi kila wiki, na muda wako ni Jumamosi moja moja, Volvo 240 itakuvumilia vizuri zaidi. Tafuta ya miaka ya mwisho, au ya katikati ambayo waya zake zimeshabadilishwa. Asiyependa kabisa kugusa umeme aikwepe.

Kama una subira, mahali pakavu pa kulaza gari, na unafurahia mfumo uliofikiriwa hadi skrubu ya mwisho, Mercedes itakulipa. Isikuvute kwa bei ndogo. Iliyo rahisi kununua mara nyingi ina vizingiti vilivyokwisha, na utalipa tofauti hiyo kwa fundi wa bodi.

Kama umezipata mbili na bado unasita, wacha bodi iamue: wagoni nzima isiyo chaguo lako la kwanza ni bora kuliko iliyooza unayoiota. Na kama mwenzako nyumbani ndiye atakayeiendesha mara nyingi, mpeleke akaijaribu kabla ya wewe kuingia chini yake.

Siku ya kwenda kuliona, nenda mchana, beba tochi, sumaku na karatasi yako. Mwambie mwenye gari mapema asiliwashe kabla hujafika, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Ukifika, weka kiganja juu ya kifuniko cha valvu. Ukikuta kina joto, ahidi kurudi siku nyingine asubuhi.